Hamira ya Ohsumi na hesabu ya miaka miwili

Wasomaji wangu, juzi nilikuwa naandika kijiprogramu cha kuhesabu makala ya mtafiti yamenukuliwa mara ngapi, nikamkumbuka Yoshinori Ohsumi wa Japani. Mwaka 1988 alipata maabara yake mwenyewe katika Chuo Kikuu cha Tokyo, akaanza kuchungulia hamira (ndiyo, hamira!) kwa hadubini. Alitaka kujua seli yenye njaa hujila vipi, yaani inavyofunga vipande vyake na kuvimeng'enya. Mwaka 1993, yeye na Miki Tsukada walieleza katika jarida la FEBS Letters kuhusu hamira zilizoshindwa kazi hiyo, kasoro zikiwa katika jeni 15.

Sasa tazama hesabu. Kipimo maarufu cha uzito wa jarida huhesabu nukuu za makala ya miaka miwili iliyotangulia tu. Kwa hiyo makala hayo yalihesabiwa 1994 na 1995, basi. Baadaye jeni nyingi kati ya hizo zilipatikana zina ndugu zao hata kwa binadamu, na mwaka 2016 Ohsumi akapewa Tuzo ya Nobel, peke yake.

Na kuna watafiti wanaonyimwa kazi kwa kipimo hicho hicho! Kijiprogramu changu nimekipa miaka 30.