Trima: Mashine Ndogo Iliyorudisha Ulimi na Tundu

Ukitaka kumjua fundi aliyetengeneza kitanda, usitazame maua ya kichwani. Toa godoro, inama, angalia pale ubavu unapokutana na mguu. Kwa miaka mingi hapa Keko, Dar es Salaam, ungekuta misumari ya inchi tatu imepigwa kwa mshazari, gundi nyeupe imefurika ikakaukia hapo hapo, na vanishi imepakwa juu kuficha yote. Siku hizi, katika karakana kadhaa ninazozijua, utaona mstari mwembamba tu. Mbao mbili zimekutana, na ndani kuna ulimi ulioingia tunduni. Kazi hiyo inafanywa na ruta ndogo ya mkono mmoja ambayo mafundi wanaiita trima, na nataka kueleza ilikotoka, maana haikutengenezwa kwa ajili yetu wala kwa ajili ya kiungo hicho.

Ulimi na tundu tulikuwa nao pwani kabla ya umeme. Kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye mgongo wa nyuzi na vipande vya mfupa, walichokitengeneza mafundi wa Lamu, Siyu na miji mingine ya pwani, kimeshikana kwa ndimi. Milango ya Mji Mkongwe ni hivyo hivyo: miimo imeingia kwenye kizingiti cha juu na cha chini, na mbawa za mlango hazina bawaba, zinazunguka kwa vigingi vyake zenyewe. Fremu ya namna hiyo inabeba mbao nzito, vifungo vya shaba na mfaa wa katikati vizazi baada ya vizazi, wala hailegei.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na tezo, randa, kekee na patasi alizozinoa kila asubuhi kabla ya chai. Alikuwa akituambia sisi wanawe wa karakana kwamba tundu likishazidi ulimi, hakuna gundi itakayomwokoa mtu. Lakini hebu fikiria kazi yenyewe. Kitanda cha kawaida kina mbavu mbili na mbao mbili za kuunganisha miguu, kichwani na miguuni. Kila moja ina ncha mbili, kwa hiyo ni matundu manane kwa uchache. Kila tundu lishuke sentimita 3 ndani ya mninga mkavu, kuta zake zikiwa wima, kwa patasi ya milimita 10 na nyundo ya mti. Ukiharakisha, ukuta unapasuka. Ukienda taratibu, mteja anakupigia simu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vijana waliacha ulimi kwa uvivu. Walipiga hesabu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa nchini, mji ukapanuka na wanunuzi wakaongezeka, lakini walikuwa wanunuzi wa bei ya chini, na fundi wa Keko analipwa kwa kitanda, halipwi kwa saa. Msumari ulishinda kwa sababu ulikuwa wa haraka. Tatizo likaja na mbao zenyewe: paini ya Sao Hill kule Mufindi ni laini, na ikifika mjini mara nyingi bado ina maji. Inaposinyaa, msumari unabaki na nafasi pembeni yake, na baada ya muda kitanda kinaanza kulia kila mtu anapogeuka. Wateja wakalaumu mbao. Mimi nalaumu kiungo.

Sasa turudi kwenye mashine. Ruta ya umeme ya kushika mkononi ilianza Marekani zama za Vita Kuu ya Kwanza. Fundi wa kutengeneza violezo vya mbao vya kiwandani, R. L. Carter wa jimbo la New York, ndiye anayetajwa zaidi. Husimuliwa kwamba alianza kwa kuchezea mota ya mashine ya kinyozi. Mwaka 1929 kampuni ya Stanley ikainunua biashara yake. Ruta za wakati huo zilikuwa nzito, za kushika kwa mikono miwili, kwa ajili ya mifereji ya ngazi, bawaba za milango na kingo za meza.

Kilichozaa trima ni fomika. Mwaka 1913 wahandisi wawili, Daniel O'Conor na Herbert Faber, walianzisha kampuni ya Formica mjini Cincinnati. Bidhaa yao ilikusudiwa kuzuia umeme badala ya madini ya maika. Baadaye zikaja karatasi ngumu za rangi za kubandika juu ya meza, na kuanzia 1938 utomvu wa melamini ukazifanya zivumilie joto na maji. Baada ya Vita Kuu ya Pili, jikoni za Marekani na Ulaya zilijaa karatasi hizo. Hapo fundi akapata kero mpya: ukibandika fomika juu ya meza lazima uiache izidi kidogo pembeni, kisha uikate iwe sawa na ubao. Kwa msumeno inachanika, kwa tupa unamaliza siku nzima. Ikatakiwa ruta nyepesi, ya kushika kwa mkono mmoja, yenye kitako kidogo kinachoweza kusimama kwenye ukingo mwembamba, na biti, yaani kisu chake kinachozunguka, yenye beringi inayotambaa ubavuni mwa ubao. Biti ni ndogo, kwa hiyo lazima izunguke kwa kasi kubwa ndipo ikate safi.

Wajapani waliiboresha sana mashine hii. Makita, iliyoanzishwa Nagoya mwaka 1915 kama karakana ya kuuza na kukarabati mota, ilitoa trima ambayo mafundi wengi wa rika langu wanaikumbuka kwa mwili wake mwembamba: modeli ya 3709 ina wati 530, inazunguka mara 30,000 kwa dakika, na uzito wake hauzidi sana kilo moja na nusu. Dar es Salaam niliiona kwanza kwa watu wa makaunta, wale waliopata kazi za maduka na ofisi, wakimalizia kingo za fomika. Seremala wa vitanda alikuwa akiitazama kwa mbali. Bei yake haikuwa ya kwetu.

Halafu wafanyabiashara wa Kariakoo wakaanza kwenda Guangzhou, China, na makontena yakashusha kila aina ya mashine kwenye maduka ya Gerezani. Umbo la Makita RT0700, ile mota ya mviringo ya wati 710 yenye kipenyo cha milimita 65 inayochomolewa kwenye kitako chake, limeigwa na viwanda vingi vya China. Leo fundi anaweza kupata trima kwa malipo ya kazi ya kitanda kimoja. Katika historia nzima ya mashine hii, kwangu hilo ndilo tukio kubwa, kuliko ugunduzi wowote uliotangulia.

Maana mara tu ilipofika mikononi mwa maseremala wa kawaida, waliiacha fomika na kuipeleka kwenye tundu. Njia yenyewe ni hii. Hukati ulimi kwenye ubavu. Unachimba tundu pande zote mbili, kwenye mguu na kwenye ncha ya ubavu, kisha unatengeneza ulimi wa peke yake kutoka kwenye kipande cha mbao ngumu na kuupachika katikati. Unatoboa kwanza kwa drili mwanzo na mwisho wa tundu, kwa sababu trima nyingi za bei nafuu haziwezi kushuka wima kwenye mbao zenyewe. Unafunga kiolezo cha plaiwudi juu ya kazi, kitako cha mashine kikae ndani yake bila kucheza, unawasha, unapita ukishusha biti milimita 3 kila mara. Ukilazimisha kina chote kwa mkupuo, biti ya milimita 6 inakatika au mbao inaungua, na harufu utaisikia. Matundu yanatoka na ncha za duara. Wengine wanazikata mraba kwa patasi. Mimi naona ni rahisi zaidi kuviringisha kingo za ulimi kwa tupa, na kiungo hakipungukiwi nguvu.

Wapo wazee wenzangu wanaosema ulimi wa kupachika si ulimi. Lakini ulimi huo ni wa kale: meli iliyozama Uluburun, pwani ya Uturuki, zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, mbao zake zilishikana kwa ndimi za kupachika zilizofungwa kwa vigingi. Wajerumani wa Festool nao walitoa mashine ya Domino katika miaka ya 2000 kwa kazi hii hii, kwa bei ambayo karakana ya Keko haiwezi hata kuiulizia. Trima yenye kiolezo cha plaiwudi inafika hapo hapo, polepole zaidi.

Kwa anayekwenda Gerezani kununua, jambo la kwanza ni koleti, kile kikombe cha chuma kinachobana shina la biti. Mashine nyingine zina koleti ya robo inchi, yaani milimita 6.35, na biti nyingi zinazouzwa hapo hapo zina shina la milimita 6. Zinaingia, na zinaonekana kubana, lakini biti inachomoka kidogo kidogo ukiwa kazini na tundu linazidi kina bila wewe kujua. Omba koleti zote mbili au usinunue. Pili, zungusha shina la mota kwa vidole na ulisukume pembeni. Likicheza, beringi ni mbovu. Tatu, uliza kama kaboni zake, yaani brashi za mota, zinapatikana, maana ndizo zitakazoisha kwanza. Pesa iliyobaki iweke kwenye biti nzuri ya kabaidi. Na mashine ikiwa ya bei ndogo, nunua mbili: moja ibaki kwenye kiolezo cha matundu, haifunguliwi, kina chake hakiguswi, nyingine ifanye kazi za kingo. Mafundi wawili wa mtaa wetu wamefanya hivyo, na vijana wao wanachimba matundu ya viungo vyote vinane vya kitanda kabla ya chakula cha mchana, kwenye mninga, huku wamevaa miwani na kinga ya masikio. Misumari ya inchi tatu wanaiacha kwa watu wa kupiga kenchi za paa.