Mpumbu wa Luapula na Njia Yake

Wazee wa kando ya mto Luapula hawajasahau jina la mpumbu. Ni samaki mkubwa, mwenye midomo minene, anayetafuta chakula chake chini ya maji, katika matope na juu ya mawe. Zamani, mvua kubwa zilipoanza, mpumbu waliondoka katika ziwa Moero kwa makundi, wakaupanda mto ili watage mayai katika nyasi zilizofurika. Huko samaki wachanga walipata chakula na maficho. Maji yalipopungua, wakarudi mtoni na ziwani.

Mapokeo ya kale yanasimulia kwamba maji haya yalikuwa na mwenyewe. Nkuba, mtawala wa Washila, alimwua mtoto wa Nachituti, dada yake. Yule mama akaenda kwa Mwata Kazembe wa Walunda kuomba kisasi. Nkuba alipokwisha kuuawa, Nachituti alimkabidhi Kazembe nchi pamoja na maji. Masimulizi haya yana fundisho: ziwa na mto havikuwa vitu vya kuokotwa njiani. Vilikuwa na walinzi, na mvuvi mgeni alipaswa kwanza kupita kwao.

Kisha nyakati zikabadilika. Mwaka wa 1910 mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ulianzishwa kwa ajili ya shaba. Wafanyakazi wa migodi walihitaji kitoweo. Kule Kasenga, kwenye Luapula, wachuuzi Wagiriki walinunua samaki, wakawaweka katika barafu, na malori yakawapeleka mjini. Wakati wa vita vya 1939 hadi 1945 shaba ilitakiwa zaidi, na samaki vilevile.

Basi nyavu zikatandwa mahali palipo rahisi kabisa: katika njia ya mpumbu, tena majira yale yale ya kutaga. Mvuvi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kodi ya kulipa na watoto wa kuvika. Lakini majike walinaswa wakiwa na mayai tumboni. Aliyemwuza mmoja aliuza pamoja naye wazao wa miaka ijayo. Tena mto ulikuwa mpaka. Ng'ambo moja walitawala Wabelgiji, ng'ambo ya pili Waingereza. Samaki hajui mpaka. Akiachwa huku, hunaswa kule.

Kufika mwaka wa 1950 hivi, makundi yale makubwa yalikuwa yamekwisha. Wavuvi wakageukia samaki wengine, na baadaye hata chisense, dagaa wadogo wa Moero. Mpumbu hakutoweka duniani, maana aina yake iko hata katika Zambezi; lakini wingi wake wa zamani haukurudi Luapula. Mtaka yote hukosa yote.

Tujifunze nini? Wengi hufikiri kwamba kumlinda samaki ni kuhesabu wanaovuliwa tu. Sivyo. Samaki ana nyumba, ana njia, na ana mahali pa kuzalia. Ukiacha ziwa zima lakini ukafunga njia moja, umemaliza ukoo wote. Kwa hiyo midomo ya mito, nyasi za mafuriko na majira ya kutaga vyataka ulinzi kuliko mahali pengine.

Siku hizi Zambia hufunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na upande wa Haut-Katanga nao kuna marufuku wakati wa mvua. Ni jambo jema. Lakini tumbo halifungwi kwa amri. Jamaa ya mvuvi isiyo na shamba wala akiba itatega usiku. Kwa sababu hii marufuku yataka maandalizi tangu kiangazi: mihogo shambani, samaki waliokaushwa, na ushirika wa kuwekeana akiba. Mwenye chakula nyumbani ataweza kumwacha jike apite. Na asipopita mwaka huu, mwaka ujao hakuna atakayerudi.