Kuvuka Milima ya Alpi Wakati wa Theluji

Tangu zamani za kale, msafiri aliyeazimia kuvuka Milima ya Alpi kwa njia ya Grand-Saint-Bernard, ipitayo baina ya Uswisi na Italia kwa kimo cha mita 2,469, alilazimika kujiandaa kama nahodha kabla ya kutweka tanga, kwani theluji ya huko huweza kuifukia kafila nzima kwa ghafla. Huruma kwa wasafiri hao ndiyo iliyomhimiza Bernard wa Menthon, katika karne ya 11, kujenga kileleni nyumba ya watawa, ambayo hata leo hupokea wageni.

Mwezi wa Mei 1800, Napoleon alipovusha jeshi lake ilhali theluji ingalipo, magari ya mizinga yalifunguliwa vipande vipande yakapakiwa juu ya baghala, na mizinga yenyewe ikalazwa ndani ya magogo yaliyochongwa mvungu, ikakokotwa kwa kamba na askari wapatao mia kwa kila mzinga. Maandalizi hayo, kwa rai yangu, yanastaajabisha kuliko vita alivyokuwa akienda kupigana.

Mwaka 1964 lilifunguliwa handaki la magari chini ya mlima. Hata hivyo dereva wa leo, japo gari lake huendeshwa kwa magurudumu yote manne, hana budi kuchukua minyororo, koleo na mablanketi, na kujizoeza kuifunga minyororo hiyo nyumbani, mchana, vidole vikiwa vikavu. Maana magurudumu manne humsaidia kupanda, lakini akifunga breki mteremkoni gari huteleza sawasawa na gari jingine lolote.