Kaburi la Tom Mboya, Kisiwa cha Rusinga

Hapa amezikwa Thomas Joseph Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, aliyepigwa risasi Jumamosi, 5 Julai 1969, akitoka kwenye duka la dawa katikati ya Nairobi. Alikuwa na miaka 38.

Mboya alizaliwa mbali na hapa, kwenye shamba la mkonge karibu na Thika alikofanya kazi baba yake. Nairobi ndiyo iliyomchagua kuwa mbunge. Lakini kwa Wajaluo mtu huzikwa kwao, hata awe ameishi mjini miaka yote, na kwao Mboya ni Rusinga. Mji mkuu ulimlilia, ukamsindikiza, haukubaki na kaburi lake. Ulimwekea sanamu mwaka 2011, Moi Avenue, karibu na pale alipouawa.

Tazama umbo la jengo: ni la risasi. Ndani kuna mkoba aliokuwa nao siku ile. Usiupite haraka. Mwenyewe ndiye aliyepanga safari za ndege zilizowapeleka mamia ya vijana kusoma Marekani kuanzia 1959, na wengi wao walirudi kuijenga Kenya.