Askofu Romero na masomo ambayo hakuyachagua

Ukiingia kanisa Katoliki siku ya Jumapili, padre hafungui Biblia pale anapopenda. Masomo yamepangwa tayari, na yanayosomwa Nairobi ndiyo yanayosomwa Roma. Wengi wetu tunaona huo ni utaratibu tu. Kuna askofu mmoja ambaye utaratibu huo ulimfikisha mbali sana.

Historia kidogo kwanza. Zamani masomo ya Misa yalijirudia kila mwaka, na Agano la Kale lilisikika kwa nadra siku za Jumapili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya 1963, ukataka waumini wapate Biblia kwa wingi zaidi. Mwaka 1969 ikatoka ratiba mpya ya miaka mitatu: A, B na C. Makanisa mengi ya Kiprotestanti nayo yakaja kutengeneza ya kwao kwa mfano huo.

Sasa twende El Salvador. Óscar Romero alifanywa Askofu Mkuu wa San Salvador Februari 1977, na matajiri walifurahi kwa sababu walimjua kama mtu mpole wa vitabu. Machi 12 mwaka huohuo rafiki yake, padre Rutilio Grande, akauawa kwa risasi. Kuanzia hapo mahubiri yake yakawa na sehemu mbili. Kwanza alifafanua masomo ya siku, tena bila haraka, kisha akasoma habari za wiki: nani kauawa, nani katoweka, wapi, siku gani. Taarifa alizipata kwa wanasheria wa jimbo lake na kwa familia zenyewe. Alipanda mimbarini na dondoo tu, akazungumza saa nzima na zaidi, na redio ya Kanisa, YSAX, ikarusha nchi nzima. Februari 1980 redio hiyo ikalipuliwa kwa bomu.

Adui zake walisema anafanya siasa. Lakini hebu angalia ratiba. Machi 23, 1980 ilikuwa Dominika ya Tano ya Kwaresima, mwaka C. Somo la kwanza lilikuwa Isaya 43, Mungu anafungua njia jangwani. Injili ilikuwa Yohana 8, mwanamke ambaye watu walitaka kumpiga mawe. Hakuna aliyemchagulia Romero masomo hayo ili awaudhi majenerali! Akahubiri juu ya utu wa mtu mmoja mmoja na ukombozi wa watu wote. Mwishoni akawaambia askari kwamba amri ya Mungu inayokataza kuua iko juu ya amri ya mkubwa yeyote, na akawaamuru waache ukandamizaji.

Kesho yake jioni alikuwa akiadhimisha Misa ya kumkumbuka marehemu katika kanisa dogo la hospitali ya wagonjwa wa saratani alikokuwa akiishi. Injili iliyosomwa ilikuwa ya punje ya ngano inayoanguka ardhini, Yohana 12. Alipomaliza kuihubiri akapigwa risasi. Mwaka 1993 Tume ya Ukweli ya Umoja wa Mataifa ilimtaja Roberto D'Aubuisson, aliyekuwa meja jeshini, kuwa ndiye aliyetoa amri. Romero alitangazwa mtakatifu Oktoba 2018.

Alizikwa Machi 30, Dominika ya Matawi, siku ambayo ratiba ya mwaka C inataka isomwe simulizi ya Mateso kutoka Luka. Mabomu na risasi vikasikika uwanjani mbele ya kanisa kuu, watu kadhaa wakafa, na Misa ile haikumalizika.