Mtoto na gemu ya muziki ndani ya miwani ya uhalisia pepe: unachopaswa kujua kabla hajaivaa

Mama, au wewe unayemlea mtoto wa mwenzako, huenda umeombwa hela ya "ile miwani" kwenye duka la gemu mjini. Au mjomba amerudi likizo kutoka Uarabuni na ameileta kwenye begi. Mtoto akiivaa hawaoni tena wenzake wala kochi la sebuleni, anaona ulimwengu mwingine kabisa, na kichwa akikigeuza nao unageuka. Hiyo ndiyo miwani ya uhalisia pepe. Hapa tunaongelea aina moja ya gemu zinazochezwa humo: za kulenga shabaha kwa kufuata mdundo wa muziki.

Ni gemu ya namna gani?

Mfano mzuri ni Rez Infinite. Gemu ya awali, Rez, ilitengenezwa Japani chini ya Tetsuya Mizuguchi na kutoka mwaka 2001. Ile ya kuvaliwa kichwani ilikuja Oktoba 2016, pamoja na miwani ya PlayStation. Mchezaji haendeshi. Anabebwa mbele kama abiria wa treni iliyo kwenye reli, na kazi yake ni kutazama vitu vinavyomjia, kuvilenga kwa kugeuza kichwa huku ameshikilia kitufe, hadi shabaha 8 kwa mara moja, kisha kuachia. Kila kinacholipuka hutoa sauti inayoangukia kwenye mdundo, hivyo anayefyatua anajikuta anapiga ngoma. Hakuna damu wala maiti, ni maumbo ya mistari na nuru tu. Kwa maudhui peke yake, zinanitia hofu zaidi tamthilia tunazoangalia na watoto saa tatu usiku.

Si zote ziko hivyo. Pistol Whip, ya mwaka 2019, nayo inakubeba mbele kwa muziki, lakini unafyatulia maumbo ya watu wenye bunduki, na inachezwa kwa kusimama, kuinama na kukwepa risasi. Kwa hiyo usiishie kuuliza "ni gemu ya muziki?" Vaa miwani mwenyewe dakika mbili uone.

Taa zinazomwekamweka, na kifafa

Hapa ndipo ninapokuomba usome taratibu.

Wapo watu ambao ubongo wao huchokozwa na mwanga unaowaka na kuzima kwa kasi, hasa ukizidi mara 3 kwa sekunde. Wakiutazama wanaweza kupata kifafa. Ni wachache: katika watu 100 wenye kifafa, takriban 3 ndio walio hivyo. Lakini hali hii huonekana zaidi kwa watoto wakubwa na vijana, ndio hao hao wanaopenda gemu. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilionyesha nuru nyekundu na buluu zikipishana kwa kasi, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali jioni hiyo. Wengi wao hawakuwa na historia ya kifafa. Hiyo ilikuwa televisheni ya sebuleni. Kwenye miwani, nuru imejaza macho yote mawili na mtoto hawezi kutazama pembeni.

Kabla hajavaa, jiulize haya. Je, kuna ndugu wa damu mwenye kifafa? Je, mtoto huduwaa ghafla kwa sekunde chache, kope zikipepesa, ukimwita hasikii, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea? Je, asubuhi mkono wake huruka wenyewe akamwaga chai, ukamgombeza kwa uzembe? Dalili hizi mbili za mwisho mara nyingi huchukuliwa kuwa utundu. Zinaweza kuwa kifafa ambacho hakijajulikana, na kijana wa namna hiyo asivae miwani mpaka aonwe na daktari. Mwenye kifafa kinachojulikana naye asiivae bila ushauri wa daktari wake, hata kama anameza dawa vizuri.

Akina mama huniuliza kuhusu degedege. Degedege ya homa, ile inayowapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, si jambo hilo hilo, na watoto wengi walioipata hukua bila kifafa. Hata hivyo mtaje nesi au daktari historia hiyo.

Usingizi mdogo huongeza hatari. Kijana aliyekesha asicheze.

Akisema macho "yanacheza", anaona nuru za ajabu au mkono unaruka, asiendelee hata kidogo. Mvue miwani, mgeuze atazame pengine, na afunike jicho moja kwa kiganja.

Akianza kutetemeka na kupoteza fahamu, mvue miwani taratibu, mlaze chini kwa ubavu, ondoa meza na viti karibu, weka nguo laini chini ya kichwa na utazame saa. Usimkandamize. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnusishe kiatu wala kitunguu, na usimpe maji mpaka aamke kabisa. Povu lake haliambukizi, kwa hiyo mguse bila woga. Kikipita dakika 5, kikirudia kabla hajazinduka, au akiwa anapumua kwa shida, ni hospitali mara moja. Kama ni mara yake ya kwanza, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama kilidumu dakika moja. Majirani watasema ni pepo la kwenye miwani. Wasikilize kwa adabu, lakini nauli ielekee kituo cha afya.

Kichefuchefu

Hili litawapata wengi zaidi, ingawa si la kutisha. Ukipanda basi kutoka Mombo kwenda Lushoto huku unasoma simu, sikio la ndani linasema mwili unakata kona na macho yanasema umetulia. Ubongo unachanganyikiwa, unatapika. Kwenye miwani ni kinyume chake: macho yanasafiri kwa kasi na mwili uko kwenye kiti. Watoto wa umri wa shule ya msingi ndio wepesi zaidi kupatwa.

Mtoto hasemi "nina kizunguzungu", kwa sababu hataki kunyang'anywa. Wewe mwangalie: ananyamaza ghafla, anapiga miayo, jasho linamtoka, anameza mate mara kwa mara. Avue hapo hapo. Wapo vijana wanaosema ukivumilia utazoea. Uongo, kujilazimisha huongeza tu. Mwanzo ziwe dakika 5 hadi 10, akiwa amekaa kwenye kiti kisichozunguka. Gemu ya reli inamruhusu kukaa, kwa sababu anabebwa tu. Akimaliza, asipande baiskeli wala kuvuka barabara mpaka miguu imtulie. Chai ya tangawizi huwasaidia baadhi yao.

Macho na masikio

Hakuna ushahidi imara kwamba miwani hii inapofusha. Inachosha, kwa sababu lenzi zinalazimisha jicho kuona kwa umbali mmoja wakati picha zinajifanya kusogea karibu na kwenda mbali, na mtoto anasahau kupepesa. Lakini akisema hana habari na hivyo vitu "vinavyokuja", au kichwa kinamuuma kila anapovaa, mpeleke apimwe macho. Wakati mwingine miwani ya gemu ndiyo inayofichua makengeza madogo, au jicho moja lisiloona vizuri, ambalo darasani halikugundulika.

Muziki wa gemu hizi ni mnene na mtoto atataka kuupandisha. Sauti isizidi asilimia 60 ya mwisho wa kifaa. Akilalamika masikio yanalia baada ya kuvua, ilikuwa juu mno.

Umri

Sony, watengenezaji wa PlayStation, wanasema miwani yao isivaliwe na mtoto wa chini ya miaka 12. Meta, wenye miwani ya Quest, waliweka miaka 10 mwaka 2023, kwa sharti kwamba mzazi ndiye anayefungua na kusimamia akaunti. Mwenye duka la gemu hatakuuliza umri. Muulize wewe.

Miwani ya watu wengi

Januari 2024 sote tuliona ugonjwa wa macho mekundu ulivyosambaa Dar es Salaam na mikoani. Sponji ya miwani inagusa kope na jasho la kila aliyelipia kabla ya mwanao, kwa hiyo ni njia rahisi ya kuupata. Ukifika dukani, omba ifutwe mbele yako, na mtoto anawe mikono kabla na baada. Mwenye macho mekundu au tongotongo asivae wala asiazime yake. Nyumbani, futa sponji kila anapovaa mtu mwingine. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu bila spiriti, kwa sababu spiriti huziharibu. Na usianike miwani juani ili jasho likauke: jua likipita kwenye lenzi huchoma kioo cha ndani, na hapo mjomba atadai hela yake.