Nusu ya Ugonjwa Iliyobaki Nyumbani

Kwa miaka mingi, mtu wa Jinja au Mbale, mashariki mwa Uganda, aliyeugua baipola alifikishwa kwa daktari siku tu alipowashinda nguvu ndugu zake. Hajalala usiku wa tatu huu, anagawa ng'ombe wa baba yake, anahubiri barabarani, anasema kesho anaoa. Anafungwa kamba, gari linakodiwa au polisi wanampakia, safari ya Kampala. Miezi michache kabla ya hapo mtu huyohuyo alijifungia chumbani, hali, haogi, anatamani kufa, na hakuna aliyekodi gari. Anayenyamaza hasumbui mtu.

Hali hizo mbili, mania na sonona, ni ugonjwa mmoja. Mjerumani Emil Kraepelin aliziunganisha rasmi mwaka 1899, baada ya kuweka kumbukumbu za wagonjwa wake kwa miaka na kuona jinsi mtu alivyopanda, akashuka, kisha akapanda tena. Bila kumfuata mgonjwa kwa muda mrefu asingeweza. Uganda ya kikoloni haikumfuata mgonjwa; ilimfungia. Miaka ya 1920 wenye wazimu waliwekwa gerezani Hoima, kisha hospitalini Mulago, Kampala. Sheria ya mwaka 1938 ilishughulikia zaidi namna ya kumkamata na kumzuia mtu. Hospitali ya akili ya Butabika ilipofunguliwa mwaka 1955, nje kidogo ya Kampala, Mbale ilikuwa zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo.

Umbali wa aina hiyo kati ya hospitali na vijiji ulizaa kosa kubwa la kitaalamu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, aliyekuwa daktari wa hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi. Humo alidai kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika, na akatafuta sababu katika ubongo na malezi yao. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa wagonjwa wa hospitali, yaani wale waliopiga kelele hadi serikali ikasikia. Waliokuwa wamelala wakiukabili ukuta kijijini hawakuhesabiwa. Dai hilo lilitusi bara zima, na lilifundishwa kama sayansi.

Jibu lilitoka Uganda kwenyewe. Watafiti John Orley na J. K. Wing walikwenda vijiji viwili vya Buganda, wakawauliza watu majumbani mwao. Matokeo yao ya mwaka 1979 yalionyesha sonona ikiwa nyingi kuliko kwa wanawake wa Camberwell, London. Ilitosha kubisha hodi.

Busoga nako, kuanzia miaka ya 2000, Catherine Abbo wa Chuo Kikuu cha Makerere alifanya jambo ambalo madaktari wengi walilikwepa: alikwenda kwa waganga wa jadi wa Jinja na Iganga, akawapima wagonjwa wao na kuwafuata kwa miezi 3 na 6. Miongoni mwao walikuwamo wenye mania. Zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa wakitumia huduma za hospitali pia kwa ugonjwa uleule. Nauona huu kuwa utafiti muhimu kuliko yote niliyotaja, kwa sababu unaivunja hadithi ya mwanakijiji mshirikina anayekataa hospitali. Familia zilifanya matambiko kwa mizimu na kumeza vidonge, zikitafuta popote penye nafuu.

Vidonge vyenyewe vina historia yao. Mwaka 1949 John Cade, Mwaustralia aliyewahi kuwa mateka wa Wajapani vitani, aliwapa lithiamu wagonjwa kumi wa mania, na wakatulia. Mgonjwa wa kwanza kati yao alikufa mwaka uliofuata kwa sumu ya dawa hiyohiyo. Kati ya dozi inayoponya na inayodhuru pana nafasi ndogo mno, hivyo damu lazima ipimwe mara kwa mara, pamoja na figo na tezi la shingo. Palipo na maabara dhaifu, dawa nyingine, kabamazepini na valproati, hutumika zaidi, ingawa valproati ni hatari kwa mtoto aliye tumboni.

Leo hospitali za rufaa za Jinja na Mbale zina vitengo vya afya ya akili, na matabibu waliosomea Butabika wanafanya kazi mikoani. Kutambua ugonjwa bado ni kazi ngumu. Nyumbani watasema malaria imepanda kichwani, na mara nyingine ni kweli, kwa hiyo damu ipimwe kwanza. Virusi vya UKIMWI navyo huweza kuleta mania, kama mtafiti Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake walivyoonyesha mwaka 2006. Na anayekuja akiwa kimya akipewa dawa ya sonona peke yake, bila kuulizwa kama aliwahi kupanda, anaweza kurushwa moja kwa moja kwenye mania. Jibu la swali hilo analo ndugu aliyemsindikiza, ambaye mara nyingi huachwa kwenye benchi la nje.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 iliiondoa ile ya kikoloni na inataka matibabu yaanzie vituo vya afya vya karibu. Kwa mgonjwa wa vilima vya Bugisu, karibu na Mbale, maana yake ni nauli ya bodaboda badala ya safari ya Kampala, na mhudumu yuleyule kila mwezi, mradi dawa ziwepo kabatini.